Kikoba kinavunjwa Mei: twende Zanzibar au tupaue nyumba?

SWALI

Habari za kazi, mshauri. Mimi ni muuguzi katika hospitali binafsi hapa Dar es Salaam, mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Mbezi. Tuna watoto watatu, wa miaka 12, 8 na 3. Kikoba chetu kinavunjwa mwisho wa Mei na fungu langu litafika kama 3,100,000. Nataka Juni, shule zikifungwa, twende Zanzibar tukalale usiku tano. Wakala kanipa bei ya 2,900,000 kwa kila kitu. Mume wangu anasema huko ni kuchoma hela, bora tununue bati, maana nyumba imesimama kwenye lenta tangu mwaka juzi, au tuongeze mzigo dukani. Anasema likizo tunayo kila Desemba tukienda kwao Marangu. Mimi naona sijapumzika tangu niolewe. Je, nina makosa? Safari za namna hii zina faida ya kweli, au ni kuiga Wazungu tu?

JIBU

Dada yangu, kutaka kupumzika si kosa, na shemeji naye simwiti bahili kwa kuogopa fedha isipotee. Ila mnabishana juu ya hesabu ambayo haijakamilika. Mmeiweka Zanzibar upande mmoja, bati upande wa pili, na Desemba mkaiacha nje kana kwamba ni ya bure. Mimi nitaanzia huko Desemba.

Nilipokuomba uniandikie mlichotumia Desemba iliyopita, uliniletea orodha nzuri sana, na nakushukuru kwa ukweli wako. Viti vinne vya basi kwenda na kurudi, kwa bei za msimu, 400,000. Nguo za watoto za Krismasi 250,000. Mchele, sukari, mafuta na vitenge vya mama mkwe na mashangazi, 300,000. Mbuzi 200,000. Soda za wazee, yaani zile noti za elfu tano na elfu kumi zinazotoka mfukoni kila mkisalimia boma jipya, 350,000. Mchango wa kujengea kaburi la babu pamoja na kipaimara cha mtoto wa mdogo wake mumeo, 300,000. Matumizi ya pale nyumbani kwa siku zote 200,000. Ukijumlisha unapata milioni mbili kamili.

Kisha ukaongeza sentensi moja chini kabisa, kama jambo dogo: Januari ada ya mkubwa ilipungua, mkakopa milioni moja kwa mtu wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, mkairudisha baada ya miezi miwili. Hiyo ni 400,000 ya riba peke yake. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Kwa kiasi hichohicho na muda huohuo mngelipa 70,000. Mikopo hii imeitwa kausha damu na wanaoilipa, na walijua wanachosema. Riba hiyo ni sehemu ya gharama ya Desemba, kwa sababu bila Desemba ile msingekopa. Kwa hiyo "likizo tunayo kila mwaka" ya shemeji iliwagharimu 2,400,000.

Sasa nikuulize: katika siku zile, ulikaa chini saa ngapi? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mke wa mtoto wa kwanza ndiye anayeamka kabla ya wote, na kwamba ulirudi kazini vidole vikiwa bado vyeusi kwa utomvu wa ndizi ulizomenya za mtori na machalari ya watu thelathini. Shemeji alikaa na kaka zake chini ya mgomba na kibuyu cha mbege. Yeye alipumzika. Ndiyo maana anaposema likizo tunayo, hasemi uongo. Anaeleza ya kwake.

Sitaki unielewe vibaya. Sikushauri muache kwenda Marangu. Watu huwatania Wachaga kwamba Desemba wanakwenda kuhesabiwa, lakini kuhesabiwa huko kuna maana. Watoto wako wanawajua binamu zao kwa majina, wanajua kihamba chao, yaani shamba la ukoo, kinaanzia wapi, na siku mkipata msiba hamtakuwa wageni. Hicho ni kitu cha thamani, na kina bei yake, na bei hiyo ni halali kuilipa. Ninachokataa ni kukiita mapumziko. Ule ni wajibu wa ukoo wenye furaha ndani yake. Kiandikieni bajeti yake, kama mnavyoandika ada. Mkishaliweka fungu la Desemba mahali pake, swali lako la Zanzibar linabaki peke yake, na linakuwa rahisi zaidi.

Je, safari ya kupumzika ina faida ya kweli? Kuna watu wamelipima jambo hili, na matokeo yao hayawapendezi mawakala wa utalii. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake huko Uholanzi walichapisha utafiti juu ya watu wazima 1,530. Waliokuwa na safari mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiokuwa nayo. Waliporudi, tofauti hiyo ikawa imekwisha. Waliobaki na nafuu kwa muda ni wale tu waliosema likizo yao ilikuwa ya utulivu mkubwa sana. Mtafiti mwingine wa hukohuko Uholanzi, Jessica de Bloom, na timu yake, waliwafuatilia wafanyakazi 54 waliochukua likizo ndefu, wastani wa siku 23. Hali yao ilipanda haraka, ikafika kileleni siku ya nane hivi, na wiki ya kwanza tu ya kurudi kazini ikashuka hadi pale ilipokuwa.

Shemeji akisoma hapo atasema, si nilikwambia? Lakini soma tena. Furaha ya safari inaanza siku mnapoijua tarehe, wala haingoji mpande boti. Miezi ile watoto wanapouliza "bado wiki ngapi?", wewe zamu ya usiku inapokuchosha ukakumbuka kuna Juni, hiyo nayo ni sehemu ya mlichonunua, na ni sehemu kubwa. Safari ya kushtukiza, inayoamuliwa Alhamisi na kuondoka Jumamosi, inaipoteza sehemu hiyo yote, na mara nyingi hulipiwa kwa mkopo. Pili, aliyekwenda siku nyingi harudi na akiba kubwa ya nafuu kuliko aliyekwenda siku chache, kwa hiyo usiku tano hazina ulazima wowote. Tatu, kinachodumu kidogo ni utulivu. Ratiba ya wakala wako, yenye kisiwa cha Changuu asubuhi, mashamba ya viungo mchana, bustani ya Forodhani jioni na kesho yake msitu wa Jozani, itakurudisha kazini umechoka kama umetoka Marangu.

Utasikia pia watu wakisema wataalamu wamethibitisha kwamba fedha hununua furaha zaidi ukiitumia kwa matukio kuliko kwa vitu. Ni kweli Leaf Van Boven na Thomas Gilovich, Wamarekani, waliandika hivyo mwaka 2003, na kazi yao imerudiwa mara nyingi. Lakini waliohojiwa wengi wao walikuwa na paa juu ya vichwa vyao na bomba jikoni, na hata ndani ya utafiti huo tofauti ilikuwa ndogo kwa wenye kipato cha chini. Usimtolee shemeji hoja hiyo. Bati kwa Mtanzania anayelipa kodi ya nyumba haliko kundi moja na televisheni ya pili.

Kwa hiyo tuliangalie bati lenyewe, kwa sababu hoja ya mumeo ni nzito kuliko alivyoieleza. Umesema mnalipa kodi 250,000 kwa mwezi. Muulize fundi wenu, tena fundi si rafiki, kupaua kutakamilika kwa shilingi ngapi: mbao, bati, misumari, kofia na ufundi, mpaka mtu aweze kuhamia hata kama hakuna dari wala vigae. Kama jibu ni milioni tatu hivi, basi mjadala umekwisha, dada yangu, na mimi nimesimama na shemeji. Milioni tatu inayowatoa kwenye kodi inawarudishia 250,000 kila mwezi, kwa mwaka milioni tatu nzima, na hakuna hoteli itakayowapa hivyo. Hamieni, na Juni ya mwakani mtakwenda Zanzibar kwa kodi ya miezi saba tu.

Lakini kama fundi atasema milioni tisa, hapo mambo yanabadilika. Milioni tatu haitawahamisha. Itanunua mbao zitakazokaa nje zikipigwa na mvua na kuliwa na mchwa, au bati litakalolala stoo ya jirani mpaka mwaka ujao, na kodi mtaendelea kulipa vilevile. Nimeona nyumba nyingi za Dar ambazo kila mwaka zinameza milioni mbili tatu bila kusogea hatua inayomhamisha mtu, na wenyewe wakijinyima kila kitu kwa jina lake. Ujenzi wa namna hiyo unahitaji fungu lake linalokusanywa pembeni hadi lifikie hatua kamili, kisha mnaivuka hatua hiyo kwa mkupuo. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hii, kwa sababu hela inakua na mkihitaji mnaitoa ndani ya siku chache; akaunti ya muda maalumu ya benki nayo inafaa, hasa kwa wale ambao hela ikiwa karibu haikai.

Sijui fundi wenu atasema nini. Umeniambia nyumba ni ya vyumba vinne na sebule, kwa hiyo nina wasiwasi kwamba jibu litakuwa lile la pili.

Na mzigo wa dukani? Hapa kuna swali moja tu la kumuuliza, kwa upole, mkiwa mmekaa: ni bidhaa gani wateja wanaiulizia, wanaikosa, wanakwenda kuinunua duka la mbele? Kama atakujibu papo hapo, labda nondo za milimita 12, labda saruji inaisha kila Alhamisi, basi mtaji unahitajika kweli na fedha ile itazunguka na kurudi na faida. Akianza kusema "mzigo kwa ujumla", fedha itaingia dukani na hutaiona tena, wala yeye hataiona.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini limejificha kwenye barua yako. Hiyo 3,100,000 ni ya kikoba chako, umeichanga kutoka mshahara wako wa zamu za usiku. Sikushauri uitumie kama fimbo, maana ndoa si hisa. Ila na yeye asiipangie matumizi kama vile imeokotwa. Pendekezo langu ni kwamba fungu lote lisiende upande mmoja. Safari niliyoifikiria kwa ajili yenu, ambayo nitaifafanua sasa hivi, inachukua kama nusu. Nusu inayobaki iende kwenye mfuko wa kupaua, kwa jina lenu wote wawili, na shemeji aone risiti.

Chukua ile bei ya wakala. Malazi usiku tano 1,600,000, boti 300,000, gari 350,000, ziara 300,000, chakula 350,000. Zaidi ya nusu yote ni kitanda, na kitanda ndicho chenye nafasi kubwa ya kupunguzwa. Nendeni usiku tatu. Mmoja Mji Mkongwe, mbili pwani. Tafuteni nyumba ya wageni yenye chumba cha familia, ikiwezekana yenye jiko dogo. Kwa 200,000 kwa usiku mwanzoni mwa Juni, kabla msimu mkubwa wa Julai na Agosti haujawaka, mtapata ukipiga simu mwenyewe na kuongea Kiswahili. Hiyo ni 600,000. Boti iache ilivyo, 300,000. Gari la kukodi siku mbili tu, kwenda pwani na kurudi, na mjini mtembee kwa miguu maana Mji Mkongwe gari halina kazi: 200,000. Ziara moja, ile watoto watakayoichagua wenyewe, 120,000. Chakula 250,000, na humo mna urojo na mishikaki ya Forodhani kwa usiku wote mtakaokuwa mjini. Jumla 1,470,000. Ongeza 150,000 isiyo na kazi maalumu, ya homa ya mtoto au boti iliyoahirishwa, inakuwa 1,620,000. Hii siyo safari ya umaskini. Ni ileile, imepunguzwa mbio.

Mtu anayeuza safari hatakwambia habari za maji, kwa hiyo nakwambia mimi. Upande wa mashariki, Paje, Jambiani na kule Makunduchi, bahari ikipwa inakwenda mbali mno, hasa siku za bamvua mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Mtu kalipa fedha nyingi kwa chumba kinachotazama bahari, anaamka anatazama mchanga na akina mama wanaovuna mwani, na maji yanarudi watoto wakiwa wamelala mchana. Kutembea kwenye mchanga ule ni raha, mimi naupenda, lakini mtoto wa miaka 8 aliyeahidiwa kuogelea hataelewa. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakimbii hivyo na mnaweza kuoga karibu saa yoyote. Vyumba vya huko ni ghali kidogo, ila vilivyo mtaani, nyuma ya hoteli kubwa, vinashuka bei vizuri na pwani ni ya wote. Na Juni ni msimu wa kusi: pandeni boti ya asubuhi, mpeni mdogo chakula chepesi, na mbebe mifuko ya kutapikia. Hiyo ndiyo sehemu ya safari ambayo hata fedha nyingi haiondoi.

Siku ya mwisho isiwe ya kukimbia. Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, alionyesha kwamba tunapokumbuka jambo tunashika kilele chake na mwisho wake, na urefu wake tunausahau. Familia inayomalizia safari kwa kugombana na dereva huku boti inapiga honi inarudi na kumbukumbu ya honi. Lala mjini au karibu na bandari usiku wa mwisho kama ratiba inaruhusu, hata ikibidi kuanza na pwani.

Kuhusu malipo, hapa nitakuwa mkali. Lipa kabla, kwa awamu, na usikope hata shilingi. Mwaka 1998 Drazen Prelec na George Loewenstein waliwauliza watu huko Marekani: ukinunua mashine ya kufulia na ukilipia likizo, bei ikiwa sawa, ungependa kulipa miezi sita kabla au miezi sita baada? Kwa mashine wengi walitaka kulipa baadaye, huku wakiitumia. Kwa likizo wengi walitaka kulipa kabla. Inaeleweka: mashine inafua kila wiki unapoilipia, lakini likizo iliyokwisha haina cha kukuonyesha mwezi wa tano wa makato. Na makato ya hapa kwetu si mepesi. Benki zetu zimekuwa zikitoza kwa wastani kama asilimia 15 kwa mwaka. Ukikopa 3,000,000 kwa asilimia 16, kwa miaka miwili, utakatwa karibu 147,000 kila mwezi na jumla utarudisha kama 3,525,000. Laki tano na zaidi imekwenda bila hata kuonja chumvi ya bahari. Kwa kausha damu sitapiga hata hesabu.

Kwa hiyo kabla hujaweka nafasi yoyote: ada ya Julai iwe imeshatengwa, pasiwe na deni la mtaani hata la shilingi laki moja, na bima ya afya ya watoto iwe hai. Kimoja kikikosekana, safari isubiri. Hapo sina la kuongeza.

Kuna gharama tatu ambazo hazimo kwenye orodha ya wakala wala ya kwangu. Moja ni duka kufungwa. Kama duka linaingiza faida ya 40,000 kwa siku, siku nne ni 160,000, na shemeji ana haki ya kuitaja. Akimwachia kijana wa dukani, wahesabu mzigo pamoja jioni ya kuondoka na wasaini wote wawili. Siyo kumshuku, ni kumlinda kijana mwenyewe. Pili ni picha. Ukiweka picha ya watoto wako na maji ya kijani kwenye status siku ya kwanza, siku ya pili utapokea ujumbe wa mchango wa harusi, na siku ya tatu wa mtu aliyekwama. Wiki ijayo ukisema huna, jibu ni "mbona juzi mlikuwa mnakula bata?" Gharama hii ni ya kweli kabisa na nimeona ikizidi ya hoteli. Piga picha nyingi, zikae kwenye simu mpaka Agosti, au zisitoke kabisa. Tatu ni zawadi. Karafuu, mdalasini na tende, vya jumla, kwenye kifungashio kimoja cha kugawa; usinunulie kila jirani chake.

Shemeji akiendelea kukataa Zanzibar, usiifanye vita. Ulichokuwa unakitafuta ni siku tatu ambazo hupiki na huamshwi, na hizo zinapatikana kwingine. Treni ya SGR ilianza safari za Dar na Morogoro Juni 2024, nauli ya kawaida ya mtu mzima ikiwa 13,000, na watoto wanaipenda treni kuliko kinachowasubiri mwisho wa reli. Kutoka Morogoro mnaweza kufika Mikumi kwa basi. Raia wa Afrika Mashariki amekuwa akilipa kiingilio cha shilingi elfu tano, na ukiongeza kodi haifiki elfu sita, watoto chini ya hapo. Kinachokula hela pale ni gari la kuingilia, kwa hiyo tafuteni familia nyingine mgawane. Tena barabara kuu ya Iringa inapita katikati ya hifadhi, na twiga hawajali kama uliye dirishani umelipa kiingilio au umepanda basi la Mbeya.

Njia nyingine inafaa zaidi kwa mtu kama shemeji, anayeumia kulipa nauli mara mbili. Desemba mnapita Mombo kwenda na kurudi. Wakati wa kurudi, shukeni hapo, pandeni milimani Lushoto, kilomita 33 hivi, mlale usiku mbili kwenye baridi na ukungu kabla ya kurudi kwenye joto la Dar. Sehemu kubwa ya nauli imeshalipwa na wajibu. Mtaongeza malazi na chakula tu, na wewe utakuwa umepata siku mbili zako baada ya zile za watu thelathini.

Juu ya mazungumzo yenyewe. Usimwambie "sijapumzika tangu niolewe", hata kama ni kweli, maana atasikia ameshitakiwa. Mwonyeshe ile orodha ya Desemba pamoja na riba ya Januari. Ni mfanyabiashara, tarakimu anazielewa haraka kuliko machozi. Kisha mfikirie na yeye. Umesema hajafunga duka zaidi ya siku za Marangu kwa miaka mingi, na presha imeanza kumsumbua. Kuna utafiti wa mwaka 2000 wa Brooks Gump na Karen Matthews, juu ya wanaume zaidi ya 12,000 wa Marekani waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo: waliokuwa wakichukua likizo kila mwaka walipungukiwa na vifo katika miaka tisa iliyofuata, kuliko wasiochukua. Utafiti huo hauthibitishi kwamba likizo ndiyo iliyowaponya; yawezekana wenye afya ndio waliokuwa na nguvu ya kusafiri. Lakini kwa mwanamume mwenye presha anayesimama dukani kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, mimi ningelitaja.

Desemba ijayo nayo ipangeni upya mkiwa mmetulia, siyo Novemba. Soda za wazee zitengewe fungu moja, libadilishwe kuwa noti ndogo kabla ya kuondoka, likiisha limeisha. Mchango wa ukoo ulipwe Septemba kwa simu, ukiwa na akili zako, kuliko pale mbele ya watu wote. Na kwa mwaka mmoja katika miwili, aende shemeji na watoto wakubwa wawili, wewe ubaki na mdogo. Mama mkwe atanung'unika mwaka wa kwanza. Mtumie kitenge na umpigie simu asubuhi ya Krismasi kabla mtu mwingine hajampigia.

Na likizo yako kazini usiile dukani tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 mfululizo zenye malipo kila mwaka. Omba za Juni sasa hivi kwa maandishi, kabla wenzako wenye watoto wa shule hawajawahi, kwa sababu wodi haiwezi kuwaachia wote wiki moja.

Fundi kwanza, basi. Akija na tarakimu kubwa, piga simu mbili tatu Nungwi. Uliza bei ya mkazi kabla hujataja tarehe, sema mna vitambulisho vya NIDA, na uulize kama mtoto wa miaka 3 analipiwa kitanda. Wengi watakwambia hapana, lakini ukikaa kimya watamlipisha.